Mnunuzi na Baiskeli ya Kushukia

Kabla hajaitikia salamu, Mnunuzi alitema punje. Ndivyo ninavyomkumbuka kwanza, na ndivyo ninavyotaka akumbukwe. Unasema "Shikamoo", na mkono wake tayari umezama kwenye gunia lako mpaka kiwiko, macho ameyafumba kama padri anayebariki. Mkono unatoka na punje moja tu, ya chini kabisa. Anaiweka kwenye jino la pembeni, anaivunja huku ameinamisha kichwa kusikiliza, halafu tuh, karibu na miguu yako. Ndipo aseme, "Marahaba. Mahindi yako mabichi haya."

Mahindi yangeweza kuwa yamekauka mpaka yanagonga kama changarawe kwenye debe. Kwake yalikuwa mabichi. Tangu nikiwa darasa la tatu mpaka sasa nipo kidato cha tatu, sijawahi kumsikia akisifu gunia la mtu wa kijiji chetu cha Kasense hata moja.

Mama anasema hasira ikikaa sana moyoni inaoza, niiache. Ndiyo maana naandika mapema, kabla haijaoza.

Jina lake wengi hawakulijua, na sisi watoto hatukulihitaji. Alikuwa Mnunuzi. Zamani, anavyosimulia baba, mahindi yalinunuliwa na ushirika. Ulichelewa kulipa lakini ulikuja. Biashara ilipofunguliwa, ghala la ushirika likafungwa, popo wakahamia, na akaja mtu mmoja mwenye lori bovu, koti la kijivu la mtumba na mizani. Stoo yake ilikuwa Laela, lakini kila mavuno alipiga kambi kwetu, kwenye uwanja wa lile ghala. Walikuja na wengine baadaye, vijana wenye miwani ya jua, wakanunua msimu mmoja wakapotea. Yeye alirudi kila mwaka. Wapo watu kwetu wanaosema hilo peke yake ni wema. Mimi nasema hata kunguni hurudi.

Mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, uso wa duara kama saa ya ukutani, na mshale mwekundu. Aliitundika kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye na kuli wake.

Kila mtu Kasense alijua kwamba mizani ile inaiba. Haikuhitaji shule. Gunia hujazwa madebe sita, na uzito wa debe la mahindi kila mtoto wa kwetu anaujua, maana kichwa chake ndicho kilicholibeba kutoka shambani. Lakini gunia likitundikwa pale, mshale ulipanda, ukasita, ukasimama mahali ambapo debe zima na zaidi lilikuwa limeyeyuka njiani. Watu walitazamana, wakanyamaza. Ukisema, hanunui kwako. Asiponunua yeye, mahindi yako yatanunuliwa na panya.

Naye alikuwa na maneno yake ya kukufunga mdomo kabla hujaufungua. "Macho yana njaa, mizani haina." Hilo alilisema kila siku. Au, "Mahindi hayana mwenyewe mpaka yapande mizani." Alilisema polepole, akivuta ncha za koti, na lilisikika kama limetoka kwenye kitabu cha katekisimu.

Jambo jingine: kitu alichokitaka alikitukana. Alivyozidi kukitukana ndivyo alivyozidi kukitaka. Jogoo mzuri alimwita kunguru. Maharage ya njano, yale ambayo kila lori lilikuwa linayatafuta, aliyaita meno ya mzee. Kulikuwa na mjane aliyeuza togwa pale uwanjani, sisi tulimwita Mama Togwa, mwenye mdomo usioogopa serikali. Alikuwa akisema, "Huyu bwana siku akinitukana mimi, nitajua anataka kunioa." Mnunuzi alicheka mpaka akashika mbavu. Hapo nilimchukia zaidi, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kizuri. Ukikisikia kwa mbali ungedhani ni mtu mwema.

Sasa niseme la baba.

Baba yangu bado analima sehemu ya shamba kwa matuta ya mviringo, yale ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze ziwe mbolea, kama walivyolima wazee wetu. Mahindi yake mama anayapembua kana kwamba ni mchele wa harusi. Misimu miwili kabla ya haya ninayotaka kuyasimulia, baba alipeleka magunia yake uwanjani asubuhi. Mnunuzi akamwacha akae juani mpaka jioni, akinunua ya wengine, hata ya waliokuja saa za mwisho. Watu walipokuwa wamejaa, ndipo akamwita. Akatia mkono, akavunja punje, akatema. Kisha akachota bakuli zima la mahindi ya baba, akayamwaga chini vumbini, akaita, "Kuku, kuku, kuku!"

Kuku wa Mama Togwa wakaja mbio.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Kuku wamekubali. Basi hiki ni chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku."

Watu walicheka. Hata wale ambao mahindi yao yalitukanwa asubuhi ileile walicheka. Na baba naye akacheka. Watu hawaniamini nikisema kwamba kucheka kwa wengine hakuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kile kicheko cha baba, kifupi, cha mtu anayeomba kazi. Mahindi yetu yakapakiwa kwenye lori pamoja na yale ya daraja la kwanza, nikiyaona kwa macho yangu.

Tangu siku ile baba hakukanyaga tena uwanja wa ghala. Alitutuma mama na mimi. Na Mnunuzi alipomtaja alimwita "Mzee wa Kuku".

Mimi aliniita Bubu. Nina aibu, sina haja ya kuificha hapa. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu linafika kooni kisha linarudi tumboni. Uwanjani nilisimama na magunia yetu nikitazama vidole vya miguu yangu, na Mnunuzi aliuliza kwa sauti, "Bubu, mama amekutuma bei gani?" Nikanyamaza. "Haya, Bubu amekubali." Watu wakacheka, gunia likaondoka.

Ningependa angekuwa mbaya mzima, ingekuwa rahisi kuandika. Hakuwa. Bibi yangu alipozidiwa, lori lake ndilo lililompeleka hospitali mjini, usiku na mvua, na hakutaka kitu; mama alipompelekea kuku wa shukrani alimrudisha, akisema, "Mgonjwa hapimwi kwenye mizani." Kanisani aliketi benchi la nyuma, na kwaya ikiimba wimbo wa komunyo alilia waziwazi, machozi mpaka kwenye kola. Nilipofaulu kwenda sekondari, ni yeye peke yake katika watu wote wasio ndugu aliyenipa zawadi. Peni ya bluu yenye klipu ya chuma. Alinipa mbele ya watu: "Bubu amefaulu! Kumbe ndani mna maneno!" Wino uliisha zamani. Peni sijaitupa. Sijui kwa nini sijaitupa, na leo sitaki kujua.

Baiskeli ilikuja kwetu hivi. Mgeni mmoja wa Kizungu alifikia misheni, akaenda kushuka mteremko wa Bonde la Rukwa kwa baiskeli, kwa raha zake tu. Vijana wetu wanashuka pale pia, wamepakia maharage kwenda kubadilisha na samaki na mchele, lakini wao hufunga tawi la mti nyuma ya baiskeli liburuzike, liwe breki. Yule mgeni hakufunga tawi. Kona ya pili akaruka peke yake, baiskeli ikabaki. Baba alikuwa anapita na mkokoteni wa ng'ombe, akampakia, mfupa wa bega umevunjika, akampandisha mpaka hospitali akimlaza kwenye maganda ya maharage. Siku ya kuondoka mgeni akamwachia baba ile baiskeli. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba ni ghali sana, bei yake ni kama ya pikipiki.

"Anaumwa bado," baba akatuambia. "Kichwa pia kiligonga."

Lakini sista wa hospitali akathibitisha. Ni baiskeli ya kushukia milima tu. Kwao, gari huipandisha juu, mtu hushuka, gari humfuata chini.

Mama akauliza, "Kwa hiyo gari analo?"

"Analo."

"Na asishuke na gari kwa nini?"

Tuliiweka sebuleni tukaitazama. Matairi manene yenye meno kama ya trekta. Springi mbele, na springi nyingine kubwa nyuma, chini ya kiti. Breki za sahani za chuma. Haikuwa na keria, wala madigadi, wala kengele, wala stendi. Ilibidi kuiegemeza ukutani kama mlevi. Na ilikuwa nzito, nzito kuliko baiskeli za Kichina za kila mtu.

Mvua za mwaka ule zilipokaribia, ng'ombe wetu mmoja wa jembe alikuwa amekufa, na mmoja peke yake halimi. Baba, mwenye shamba lake, alikuwa ameanza kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Jirani yetu Msukuma, aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini, alikuwa na maksai wawili waliokwisha fundishwa jembe, na alikubali kuwauza. Baba alimtajia baiskeli.

"Mimi baiskeli nitaifanya nini, Mzee? Haizai, haitoi maziwa," jirani akasema. "Niletee hela. Wale pale. Ila mvua ya kwanza ikiwakuta zizini kwangu, wanakwenda Msanzi kwa mkwe wangu, nimeshamwambia."

Basi bei ya baiskeli ikawa hiyo: maksai wawili, kabla ya mvua ya kwanza. Baba aliisukuma mpaka Sumbawanga mjini, akaizungusha duka kwa duka. "Haina keria? Hapana." Akarudi nayo jioni. Mtu mmoja tu katika upande wetu wote alikuwa na uwezo wa kununua kitu cha namna ile, na baba hakulitaja jina lake. Tukajua sote.

Alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Harufu ya kitu kinachouzwa ilimfikia popote.

"Hodi, Mzee wa Kuku!"

Baba akamkaribisha. Nilikuwa mlangoni pa jiko nikichambua mboga.

Aliikagua kama gunia. Akabonyeza kiti, kikazama, kikarudi. "Inabonyea! Hii baiskeli au godoro la gesti?" Akaminya tairi, akanusa. Akapiga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kichwa kikiwa upande, akisikiliza. Akazunguka nyuma. "Keria iko wapi? Hapa nimpakie nani, Roho Mtakatifu?" Akasema breki zake ni masufuria, springi zake ni za kitanda cha hospitali, rangi yake ni ya nguo ya kichaa. Aliitukana mpaka mama, aliyekuwa kando yangu, akanifinya.

"Anaitaka," mama akanong'ona. "Tazama koo lake linavyomeza."

Nilijua na sababu. Wanunuzi vijana walikuwa wameanza kuja na pikipiki, wakimpita barabarani na kumtimulia vumbi akiwa juu ya baiskeli kuukuu aliyozungukia vijiji lori likisubiri mizigo. Hii ilikuwa kitu cha bei ya pikipiki ambacho hakinywi petroli. Angeweza kuipitisha Laela nzima kwa miguu tu, watu wakauliza, naye akajibu polepole akivuta ncha za koti.

Lakini kununua kwa bei ya mtu haikuwa tabia yake. Akaishika baiskeli katikati, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaishikilia kitambo. Ule mkono ulikuwa umeinua magunia miaka yote, ulijua. Nikamwona anatabasamu.

"Mzee," akasema, "dereva mmoja wa Tunduma, mtu anayezijua hizi, aliniambia. Ya kweli haizidi kilo kumi na tano. Ikizidi hapo ni bandia, mabomba tu yamepakwa rangi. Jumamosi ilete uwanjani, watu waone. Ikiwa chini ya kumi na tano, nakupa palepale bei ya maksai wawili, nimesikia unawatafuta. Ikizidi, ni chuma chakavu, na nitainunua kwa bei ya chuma chakavu. Sawa?"

Baba alitazama ardhi. "Sawa."

Alipoondoka, baba akairudisha baiskeli ukutani, akasema, "Anataka kunifanyia ya kuku tena."

"Tusiende," mama akasema.

"Na mvua?"

Mama akatoka kutazama mbingu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, kila mchana yakija karibu kidogo. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikawa naisugua sufuria ileile tu, imeshang'aa, bado naisugua, kwa sababu jambo lilikuwa limenijia kichwani na nilikuwa naogopa nikilisogeza litamwagika. Dereva wa Tunduma angeweza kusema kumi na tano au hamsini, hiyo ilikuwa juu yake. Lakini uwanja mzima ulikuwa na mizani moja tu.

Sikumwambia mtu. Nilitaka liwe langu. Na niliogopa kwamba siku yenyewe ikifika nitatazama vidole vyangu, na jibu litarudi tumboni.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mnunuzi alikuwa ametangaza tangu Alhamisi. Baba aliingia akiisukuma baiskeli, mara ya kwanza tangu siku ya kuku, na watu wakampisha njia. Mtoto mmoja akaita, "Kuku, kuku!" Mama yake akampiga kofi, lakini watu walikuwa wameshacheka.

Mnunuzi alisimama juu ya gunia akarudia sheria yake ya kumi na tano, ili kila mtu aisikie. Kisha akaanza mchezo wake. "Wewe kijana, njoo uinyanyue. Sema mwenyewe."

Kijana akainyanyua. "Nzito, Mzee."

"Na wewe."

"Dah, hii ni nzito kweli, mshikaji," wa pili akamwambia mwenzake.

"Sijasema mimi! Wamesema wenyewe!" Akamgeukia baba na uso wa huruma, ule wa benchi la nyuma la kanisa. "Mzee wa Kuku, sasa tufanyeje? Watu wamepima."

Nikasema, "Ipimwe."

Ilitoka ndogo. Waliokuwa karibu tu ndio walioisikia, na Mama Togwa alikuwa karibu. "Nani kasema? Binti kasema? Rudia, mama!"

"Ipimwe," nikasema. "Kwenye mizani."

"Bubu amesema!" Mnunuzi akapiga makofi, akacheka kile kicheko chake kizuri, na watu wakacheka naye. Kuli wake, mtu mtiifu asiyefikiri mbali, akaichukua baiskeli na kuanza kuitafutia mahali pa kuingiza ndoana. Ndipo nikamwona Mnunuzi anaacha kucheka. Mdomo ulibaki wazi, ila ndani yake hapakuwa na kicheko.

"Acha," akamwambia kuli. "Mizani hii ni ya magunia, si ya baiskeli."

"Kwani kilo za gunia na kilo za baiskeli ni makabila mawili?" Mama Togwa akauliza.

"Nina nyingine Laela. Ndogo. Nzuri zaidi."

"Nzuri zaidi kuliko hii?" Huyo alikuwa mzee mmoja mwenye magunia yake pembeni, mtu ambaye siku zote alinyamaza. "Kwani hii ina ubaya gani?"

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unavuma, kitambaa cheupe cha mizani kinapepea kwenye mti. Watu walisogea, si kwa fujo, kama wanavyosogea kwenye misa wakati wa kupokea komunyo. Niliona midomo ya wengine inahesabu madebe.

Kuli alishaitundika. Baiskeli ikaning'inia, magurudumu yakizunguka polepole.

Mnunuzi akanitazama mimi. Nadhani alikumbuka nilivyo. "Haya, mwanafunzi ni wewe. Njoo usome wewe, kwa sauti, tusikie."

Alitegemea vidole vyangu vya miguu. Nikaenda. Mshale ulitikisika, ukatulia.

"Kumi na nne."

"Sauti!" watu wakapiga kelele.

"KUMI NA NNE!"

Baba hakufurahi wala hakununa. Akasogea mpaka mbele ya Mnunuzi, akamwuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Bwana, mizani yako ni nzima?"

Nitaukumbuka ule uso mpaka nizeeke. Mkono wake wa kulia, ule uliojua, ulikuwa unakunja na kukunjua vidole. Mbele yake watu wote wa misimu yote, na mshale mwekundu. Angesema mbovu, asingeondoka pale na koti lake. Angesema nzima, basi.

"Mizani yangu ni nzima," akasema.

"Basi," baba akasema.

Watu husema siku ile Mnunuzi alinunua baiskeli. Mimi nasema zile hela alizohesabu palepale zilinunua mizani yake. Baiskeli alipewa juu, kama nyongeza. Jioni ileile maksai wakalala zizini kwetu, na mvua ikanyesha baada ya siku chache, na baba akalima shamba lake mwenyewe huku akiwasemesha kwa Kifipa maneno ambayo mimi hajawahi kunisemesha.

Mizani haikubadilika, nisidanganye. Ila watu walibadilika kidogo. Mtu akitundika gunia, sauti ilitoka nyuma, "Kumi na nne!" na uwanja ukacheka, na safari hii hakucheka yeye. Watoto walimwimbia hivyo barabarani. Jina la Mnunuzi likaanza kufa, akawa Kumi na Nne. Ilibidi aipande ile baiskeli, maana kila mtu alimwuliza iko wapi. Akaipeleka kwa mafundi wakaichomelea keria ya chuma, nondo zikabana springi ya nyuma isibonyee tena. Halafu, biashara ya mahindi ilipompungukia, akaanza kushuka nayo bondeni kufuata samaki na mchele, na mara ya kwanza, nakwambia, alifunga tawi la mti nyuma. Breki za bei ya pikipiki, na tawi linaburuzika. Nilipoelezwa nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilikutana naye mwaka uliofuata, mchana, nikipanda kutoka bondeni kwa mama mkubwa na mchele kichwani. Nilimwona kabla hajaniona: koti la kijivu limefungwa kiunoni, amejikunja, anasukuma. Kifurushi cha samaki kimefungwa kwa mipira kwenye ile keria. Jasho linadondoka kwenye mabomba. Kila hatua baiskeli ilikuwa inataka kurudi chini. Amezeeka, au labda sikuwahi kumwona bila mizani nyuma yake.

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakutema kitu. "Bubu. Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na wale maksai?"

"Wanalima."

Akaegemea usukani, akahema. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitaka. "Kushuka, binti... Zile nondo za springi nilizikata. Tawi nilishaacha. Unashuka, upepo mdomoni, hakuna hata jiwe moja unalolisikia. Mzee mzima nacheka peke yangu kama kichaa." Uso wake uling'aa kweli, na mimi nikaumia, kwa sababu sikumwuzia furaha. Hiyo haikuwa kwenye bei. "Halafu unafika chini," akasema, "na lori langu limeuzwa. Inabidi uipandishe."

Aliutazama mlima uliobaki. Hapakuwa na mtu mwingine barabarani.

"Hebu niambie, sasa tupo wawili tu. Wewe ulijua. Hii ina kilo ngapi, kweli yake?"

Aliuliza kwa unyenyekevu. Nilisimama nikasubiri huruma ije. Nikafikiri juu ya bibi kwenye lori, na ile peni. Nikafikiri juu ya kicheko cha baba. Huruma niliisubiri kwa haki kabisa, na shingo inauma kwa mchele, na haikuja.

"Kumi na nne, Mzee," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kona ya juu. "Si nilisoma mwenyewe?"

Nikatangulia. Nyuma yangu nikamsikia ameanza tena kusukuma.